Mwungwana au huru, milki au haki ya kukaa: kuchagua neno unapofasiri karatasi za kale za ardhi

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, imetoboka kwenye mikunjo, na wino wake umegeuka rangi ya chai ya rangi. Mama aliyeniletea aliifunua juu ya kanga aliyoitandika mezani, taratibu, kama anayemfunua mtoto mchanga aliyelala. Alitaka nimsomee mstari mmoja tu. Mstari huo, kwa Kiingereza cha makarani wa zamani, ulisema babu yake ameruhusiwa kukaa na kulima sehemu ya shamba kwa radhi ya mwenye shamba. Mfasiri wa kwanza, aliyelipwa na ukoo miaka mingi nyuma, alikuwa ameandika "alimilikishwa". Kwa neno hilo moja wajukuu walikwenda mahakamani, wakatoa pesa za wakili, wakanuniana na majirani waliokuwa wakizikana nao, na mwisho wakaambiwa kwamba karatasi yao haisemi hivyo.

Tangu siku ile nimekuwa na daftari la maneno mawili mawili. Kila jozi ni maneno yanayofanana kwa mbali na kutengana kabisa ukiyasogelea. Nayaweka hapa kwa ajili ya wajukuu wanaoandika historia ya ukoo, wanafunzi wa sheria na historia, waandishi wa habari wa mambo ya ardhi, na wafasiri wenzangu. Eneo ni lile ninalolifanyia kazi: pwani ya Kenya, Unguja na Pemba, Tanganyika, na kidogo Buganda kwa sababu ya neno mailo. Ninaanza na watu kabla ya ardhi, kwa kuwa katika karatasi hizi huwezi kujua mtu alikuwa na haki gani juu ya shamba mpaka ujue kwanza yeye mwenyewe alihesabiwa nani.

Mwungwana au huru

Leo uungwana ni adabu. "Uungwana ni vitendo," tunawaambia watoto, tukimaanisha kwamba yeyote anaweza kuupata kwa mwenendo wake. Katika karatasi na masimulizi ya karne ya 19 mambo hayakuwa hivyo. Mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, wa ukoo unaojulikana, mwenye pa kukaa barazani na pa kuzikwa. Chini yake palikuwa na ngazi: mjinga, aliyeletwa karibuni na bado hajaijua lugha, mzalia, aliyezaliwa pwani katika utumwa, na hadimu, aliyekwisha kuachwa huru. Ngazi hizi zilikuwa na maana katika ndoa, katika mirathi, na katika nani anaulizwa mpaka wa shamba unapogombaniwa.

Kwa hiyo kila mwungwana alikuwa huru, lakini si kila aliye huru alikuwa mwungwana. Mtu angeweza kuwa na hati ya uhuru mfukoni, yenye muhuri, na bado mtaani akaulizwa, "Wewe wa nani?" Ukifasiri hati hiyo kwa kusema "amekuwa mwungwana", umempa kitu ambacho karatasi haikumpa na mji wake haukumpa. Ukiandika "huru" katika habari ya mtu ambaye masimulizi yanamwita mwungwana, umempunguzia nusu ya kilichosemwa.

Kuna mtego mwingine, nao unawanasa hata wanaojua. Katika safari za bara za miaka ya 1870, jina wangwana lilitandawaa likawafunika wapagazi na walinzi wa misafara waliotoka pwani, waliovaa kanzu na kusema Kiswahili. Wengi wao walikuwa watumwa waliokwenda kwa ruhusa ya mabwana zao, na sehemu ya mshahara ikarudi kwa bwana. Mashariki ya Kongo jina hilo liliacha alama mpaka katika lugha: Kiswahili cha huko kiliitwa Kingwana. Basi ukilikuta neno hili katika habari ya Tabora, Ujiji au Manyema, usikimbilie kuandika "watu huru". Liache kama lilivyo, wangwana, na ueleze.

Neno hadimu nalo linahitaji uangalifu. Hadimu wa kwenye hati ni mtu aliyetoka utumwani. Wahadimu wa kwenye vitabu vya Unguja ni wenyeji wa kusini na mashariki ya kisiwa, watu wa Makunduchi na kwingineko, ambao walizaliwa huru na walikuwa na ardhi yao kabla ya mashamba ya karafuu kuota. Jina ni la asili moja, kutoka neno la Kiarabu la mtumishi, lakini watu si hao. Nimeona insha inayosema Wahadimu wote walikuwa watumwa walioachwa. Ni kosa linaloumiza, kwa sababu linawanyang'anya wenyeji historia ya viambo, yaani vijiji, vyao.

Ushauri wangu: tumia *huru* panapozungumzwa hali ya mtu mbele ya sheria, na *mwungwana* panapozungumzwa kuzaliwa na heshima. Hata sheria za Ulaya zinaufuata mpaka huu. Hati kuu ya Uingereza ya mwaka 1215 iliahidi kwamba mtu huru hatakamatwa wala kunyang'anywa mali yake ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Wanafunzi huisoma wakidhani imewahusu Waingereza wote. Wakulima wengi wa wakati huo walikuwa wamefungwa kwenye ardhi ya bwana na hawakuhesabiwa ndani ya neno lile. Hapo mimi huandika "mtu huru", kisha naongeza sentensi moja ya maelezo. "Mwungwana" lingebeba maana vizuri, ila lina harufu ya baraza na kahawa, na halimfai baroni wa Kiingereza.

Kuachwa huru, kukombolewa, au kutolewa na serikali

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote, kwa kuwa vitenzi hivi vitatu hufasiriwa vyote "kupata uhuru", na tofauti yao ilikuwa inaamua nani atarithi shamba.

Kuachwa huru ni tendo la bwana. Anaandika au anatamka mbele ya mashahidi kwamba fulani ni huru kwa ajili ya Mungu, au anausia kwamba akifa yeye, fulani awe huru. Kwa sheria ya dini tendo hilo linafunga uzi mwingine uitwao walaa: aliyeacha huru na warithi wake wanabaki kama jamaa wa mbali wa aliyeachwa, na hadimu akifa bila mrithi wa damu wa kuimaliza mirathi, kinachobaki kinawarudia. Ukoo mwingi wa pwani umepata kipande cha ardhi kwa njia hii, na mwingine umekipoteza.

Kukombolewa ni fedha. Mtu mwingine, au mtumwa mwenyewe, analipa. Kiswahili kimetunza hesabu hiyo ndani ya neno: tunakomboa rehani, tunakomboa mateka, na kwa neno hilohilo tukaja kuziita harakati za kudai uhuru ukombozi. Mfano ulio wazi ni wa Rabai, karibu na Mombasa. Watoro walikuwa wamekimbilia vijiji vya misheni, mabwana wakawadai, na mwanzoni mwa mwaka 1889 Kampuni ya Imperial British East Africa ikawalipa mabwana, na watu zaidi ya 1,400 wakapewa karatasi za uhuru. Ukiandika kwamba watu hao "waliachwa huru", unawasifu mabwana kwa ukarimu ambao haukuwapo. Walikombolewa.

Kutolewa na serikali ni jambo la tatu. Amri ya Sayyid Hamoud bin Mohammed ya Aprili 6, 1897 iliondoa nguvu ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Wengi huandika kwamba siku hiyo watumwa wote wakawa huru. Amri haikumtoa mtu akiwa amekaa kwake. Ilimtaka aende mahakamani kudai, na bwana alipwe fidia. Tena aliyedai uhuru alitakiwa aonyeshe ana pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fikiri maana yake kwa mtu ambaye kibanda na kipande chake cha muhogo vimo ndani ya shamba la bwana. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Kwenye pwani ya Kenya sheria ya namna hiyo ilikuja mwaka 1907. Upande wa Tanganyika Wajerumani walitoa vyeti vya uhuru kwa mmoja mmoja, na wakaweka kwamba watoto watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905 watakuwa huru, lakini utumwa wenyewe ulifutwa na Waingereza mwaka 1922.

Sasa, kwa nini nasisitiza? Kwa sababu kwa watu wengi wa mji, na kwa makadhi wengi, uhuru wa serikali haukuwa na uzito sawa na uhuru wa bwana. Aliyetolewa na serikali bila bwana kutamka aliweza kukutana na swali wakati wa ndoa, kwamba nani ni walii wake, yaani wa kumwozesha, na wakati wa mirathi, kwamba mali yake ni ya nani. Ndiyo maana wapo walioshika cheti cha serikali mkononi na bado wakaenda kwa bwana wa zamani kuomba tamko lake. Wengine waliona hilo ni kujidhalilisha mara ya pili, wakakataa. Wote wawili wana haki ya kuandikwa kama walivyotenda.

Kama karatasi inataja bwana na mashahidi, andika *aliachwa huru*. Kama inataja kiasi cha fedha, andika *alikombolewa* au *alijikomboa*. Kama ina namba ya mahakama na muhuri wa serikali, andika *alitolewa utumwani kwa amri ya mahakama*. Ni maneno marefu, lakini jaji akiyasoma anajua pa kuanzia.

Milki au haki ya kukaa

Milki, kwa maana ya makadhi na waandishi wa hati za pwani, ni kukimiliki kitu chenyewe pamoja na manufaa yake. Mwenye milki anauza, anatoa hiba, anaweka rehani, anaweka wakfu, na akifa kinarithiwa. Hati ya Mombasa au ya Mji Mkongwe inayosema "milki yake" inasema mengi kwa neno moja.

Haki ya kukaa ni kitu kingine. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Taji, yaani ya dola inayotawala, na wao ndio walikuwa waamuzi wa ipi ina mwenyewe. Mwaka 1923 Waingereza wakaandika Sheria ya Ardhi ya Tanganyika: ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana, na mtu kupewa haki ya kukaa juu yake na kuitumia, kwa muda usiozidi miaka 99. Baadaye mwenyeji anayelima kwa mila za kwao naye akahesabiwa mwenye haki hiyo, bila karatasi na bila ukomo wa miaka, lakini pia bila ulinzi mwingi.

Jambo la kushangaza, na ninalipenda, ni hili: Kiingereza cha sheria kilisema kukaa, Kiswahili cha watu kikasema kumiliki. Mpaka leo Tanzania tunaziita hatimiliki, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, imetuletea hati ya hakimiliki ya kimila. Mwenye hati hii anasema, "Ninamiliki," na hakosei kwa lugha yake. Lakini mfasiri anayerudisha neno hilo kwenye sheria ya 1923 kana kwamba ni milki ya kadhi, anakosea. Kilichomilikiwa ni haki, na udongo wenyewe ukabaki kwa umma.

Je, haki hiyo ni mali? Swali hili lilijibiwa mwaka 1994. Serikali ilikuwa imetunga sheria ya kuzifuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Ujamaa, na kesi ya Lohay Akonaay ikafika Mahakama ya Rufani. Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wakasema kwamba haki ya kimila, ijapokuwa kwa asili ni haki ya kukaa na kutumia, ni mali inayolindwa na Katiba, na haichukuliwi bila fidia ya haki. Kwa hiyo siku hizi ukifasiri "haki ya kukaa" usiitamke kwa dharau kana kwamba ni ruhusa ya kupiga hema. Ni mali kamili kwa aina yake.

Upande wa Kenya neno la kulichunga ni *mpangaji kwa hiari*, na hiari hapo ni ya mwenye ardhi: akitaka, anamwondoa mpangaji wakati wowote. Sheria ya Ardhi za Taji ya mwaka 1915 iliingiza ardhi walizokaa wenyeji ndani ya ardhi za Taji, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mahakama Kuu, kwa kauli ya Jaji Mkuu Barth, ikasema Wakikuyu waliokuwa mbele yake ni wapangaji kwa hiari ya Taji tu. Sheria hiyohiyo ilimpa mlowezi mkataba wa hadi miaka 999. Weka maneno hayo mawili ubavu kwa ubavu: miaka 999, na hiari. Mtu akiandika "Wakikuyu walikodishiwa ardhi" kwa habari ya miaka hiyo, ameifuta dhuluma yote kwa kitenzi cha upole. Kukodisha kuna makubaliano, kuna kodi na kuna muda. Hapo havikuwepo.

Milki huru: neno lenye mtu ndani yake

Wakenya husema "milki huru" kwa ile ardhi isiyo na ukomo wa miaka. Ni tafsiri nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Katika Uingereza ya zama za kati, ardhi iliitwa huru kwa sababu ilishikwa kwa masharti yanayomfaa mtu huru. Mkulima aliyefungwa kwa bwana alishika yake kwa desturi ya shamba la bwana, na baadaye ushahidi wake ukawa nakala ya maandishi ya baraza la bwana. Umiliki huo wa nakala ulidumu kuliko utumwa wa Zanzibar: ulimalizwa kabisa Januari 1, 1926. Fikiri hilo. Maofisa waliokuja pwani kuandika nani huru na nani si huru walitoka nchi ambayo ardhi yake bado ilikuwa na makovu ya swali hilo.

Tanganyika ilikuwa na milki huru chache, nyingi za wakati wa Wajerumani. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kuupinga mpango wa kuzieneza kwa wenyeji, akiogopa ardhi kuishia mikononi mwa wachache. Baada ya uhuru zikageuzwa kuwa mikataba ya serikali ya miaka 99 mwaka 1963, kisha mwaka 1969 zikawa haki ya kumiliki kama nyingine. Kwa hiyo hati ya shamba la Tanga ya mwaka 1950 iliyoandikwa milki huru inasema kweli kwa siku yake, na haisemi chochote kwa leo. Kenya ilizishika, ila Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia mkataba wa kukodi tu, usiozidi miaka 99.

Bukoba walikuwa na nyarubanja, mashamba ya mabwana ambapo wakulima walioitwa watwarwa walilima na kumtolea mwenye ardhi. Sheria ya mwaka 1965 iliwapa ardhi waliyokuwa wakiilima, na Kiingereza kilitumia kwa tendo hilo neno lilelile la kumpa mtu uhuru. Mimi hufasiri "kukombolewa kwa ardhi ya nyarubanja". Wapo wanaoandika "kufutwa", na si kosa, lakini mkulima hakufutiwa kitu. Alikombolewa.

Mailo au milki huru

Ukifika Buganda, usiifasiri mailo. Neno limetokana na maili. Mkataba wa 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, 350 zikawa za Kabaka na 8,000 zikatengewa machifu na wenye ardhi wengine. Kwa karatasi ni milki isiyo na mwisho, na ndiyo sababu wengi huiita milki huru. Kinachoitenga ni mtu aliyekuwepo juu yake: mwenye kibanja, yaani mkulima mwenye kipande chake ndani ya ardhi ya mwenye mailo. Sheria ya mwaka 1928 iliweka kikomo cha busuulu, yaani ushuru wa ardhi, na envujjo, sehemu ya mazao, na ikamzuia mwenye mailo kumfukuza mkulima ovyo. Amri ya Idi Amin ya 1975 iliigeuza mailo kuwa ukodi kutoka serikalini, Katiba ya 1995 ikairudisha, na Sheria ya Ardhi ya 1998 ikamlinda mwenye kibanja tena.

Ukiandika "milki huru ya Buganda", umemfukuza mwenye kibanja kwa kalamu. Andika mailo, andika kibanja, eleza mara moja, endelea.

Rehani au bei khiyari

Hili nalipita haraka, ingawa limewatoa watu mashambani. Katika rehani, shamba linabaki la mkopaji na mkopeshaji ana dhamana tu. Katika bei khiyari, shamba limeuzwa, ila muuzaji ana hiari ya kulirudisha kwa bei ileile ndani ya muda, na katikati huenda anaendelea kukaa humo akilipa ijara, yaani kodi. Njia hii ilitumika sana Unguja na Pemba kwa kuwa iliikwepa riba kwa jina. Muda ukipita, hakuna haja ya kunadi: mnunuzi ni mwenye shamba tayari. Ukiona kwenye hati "ameuza" na "akileta fedha atarudishiwa" pamoja, usiandike rehani.

Wakfu halina mpinzani. Ni shamba au nyumba iliyofungwa isiuzwe wala kurithiwa, manufaa yake yakaenda msikitini au kwa kizazi cha aliyeweka. Liache hivyohivyo, usiliite "amana", maana amana ina siku ya kurudishwa.

Skwota, au aliyekaa kwa radhi. Mti, au ardhi

Skwota ni neno la Kenya ambalo kila mtu analijua na karibu kila mtu analitumia vibaya. Kwenye nyanda za walowezi, skwota wa miaka ya 1920 hakuwa mvamizi. Alikuwa na mkataba: sheria ya mwaka 1918 ilimtaka amfanyie kazi mlowezi siku 180 kwa mwaka, naye akae na kulima kipande. Huyo mwite *mkaaji wa mkataba wa kazi*.

Pwani ni hadithi nyingine. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila anayedai ardhi kwenye ukanda wa maili kumi apeleke madai yake kwa msajili. Wenye hati na mashahidi wa mjini walipeleka. Wamijikenda wengi na watu waliotoka utumwani hawakuingia kwenye daftari hilo, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji. Wajukuu wao ndio wanaoitwa skwota leo juu ya ardhi waliyozikia mababu zao. Ukiwaandika, sema *wakaaji wasio na hati*. Skwota kwa maana ya mvamizi ni hukumu, na si kazi ya mfasiri kuhukumu.

Na ndani ya shamba kulikuwa na mpaka ambao hakuna karatasi iliyouchora lakini kila mtu aliuona kwa macho: mti. Pwani, mti na ardhi vingeweza kuwa vya watu wawili. Mtu aliuza minazi akabaki na udongo, au alirithi miembe mitatu katikati ya shamba la mwingine. Kusini mwa Unguja, ardhi ya kiambo ilikuwa ya watu wa kiambo wote, na mti ukawa wa aliyeupanda. Kwa sababu hiyo mwenye shamba aliyemruhusu mtu kukaa alimpa muhogo, mtama, kunde, vitu vya msimu, na alimkataza mnazi na mkarafuu. Muhogo unang'olewa mwaka wenyewe. Mnazi unasimama miaka sitini na kusema nani aliupanda.

Nilipomaliza kumsomea mama yule mstari wake, nilimwuliza babu alikuwa akilima nini. Akahesabu kwa vidole: muhogo, kunde, na ufuta kidogo mvua zikikubali. Nikamwuliza kuhusu minazi. Akanyamaza kidogo, akasema minazi ilikuwa yote ya shamba, wao walikuwa wakiokota makuti kwa kuomba, ila mwembe wa nyuma ya nyumba ulipandwa na bibi, na mwenye shamba wa pili hakuugusa.

Tafsiri niliyompa inasema: "Ameruhusiwa kukaa na kulima kwa radhi ya mwenye shamba." Chini yake, kwenye karatasi nyingine na kwa jina lake mwenyewe, tuliandika maelezo ya mwembe: nani aliupanda, nani amekuwa akiuchuma, na mashahidi wawili walio hai wanaokumbuka. Alizikunja zote mbili pamoja, akazifunga kwenye pindo la kanga.